Mtani Aliyefuga Bahari Mandewa

Habari ilinikuta safarini Manyoni, kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu inasubiri zamu. Aliyepiga simu ni mke wangu. "Mtani wako wa Mandewa ametutoka leo asubuhi," alisema. Nami, kwa sauti ya kuwafikia kinyozi na wote waliokaa kwenye benchi, nikamjibu: "Mwambie huyo Mnyamwezi aache uvivu, aamke. Jumamosi nakuja kunywa kahawa yake." Watu wa benchi walicheka. Mke wangu hakucheka. Alisema polepole, "Baba, huu si utani. Wanazika baada ya Alasiri." Kinyozi naye alikuwa ameshazima mashine yake. Nilitoka pale bila kungoja upande wa pili, nikapanda basi la Singida, na nilipofika stendi nikaazima kofia kwa mwenye duka ninayefahamiana naye, maana huwezi kusimama makaburini na kichwa cha namna ile. Mazishini wazee kadhaa walinishika mkono wakanishukuru kwa heshima niliyoionyesha, mimi Mkristo, kwa kuvaa kofia. Niliipokea shukrani hiyo na kunyamaza.

Kwa wasomaji wapya wa safu hii, mimi ni Mgogo. Marehemu alikuwa Mnyamwezi kwa upande wa babu, mtu wa Tanga kwa upande wa bibi, na mtu wa Singida kwa kuzaliwa, kwa biashara na kwa ukaidi. Wagogo, watu wa ng'ombe, na Wanyamwezi, wapagazi wa zamani, ni watani, na watani hawaamkiani kama watu wengine. Alikuwa amenizidi umri kiasi cha kustahili shikamoo, lakini siku niliyojaribu kumpa aliikataa, akaniuliza kama nimekuja kukopa. Salamu zetu zilikuwa hivi: nikibisha hodi, yeye husema kutoka ndani, "Nani amefungua zizi?" Nami hujibu, "Nimepita tu kuona kama mzigo umekushinda, Mnyamwezi." Baada ya hapo tulikuwa na amani ya kututosha mchana mzima. Nayasema haya ili mjue kwamba maneno yangu pale kwa kinyozi hayakuwa ya mtu asiye na adabu. Ndivyo tulivyokuwa tukiombana uhai, yeye na mimi.

Mtani wangu alikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, na katika maisha yake yote hakuwahi kujifunza kukaa. Alikuwa anakula amesimama, huku anaangalia gunia linalopakuliwa. Harusini alikuwa anasimama mlangoni kama mtu aliyeleta viti. Nguo zake zilinuka mashudu hata sikukuu. Kisha moyo wake ukachoka, na daktari wa Dar es Salaam akamwambia wazi kwamba mashine iendeshwe na wengine, yeye akae. Ni kama kumwambia kuku asiparue. Lakini kwenye ukumbi wa kusubiria wa hospitali hiyo kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari, samaki wa rangi na matumbawe yanayoyumba, na mkewe aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu waoane: mumewe alikuwa amekaa. Alipoitwa jina alimwomba muuguzi awatangulize wengine. Waliporudi Singida alitangaza kwamba atajenga tangi kama lile sebuleni kwake, refu kuliko kitanda, na watu wakadhani dawa zimempanda kichwani. Mkewe hakubishana naye. Aliniita pembeni akaniambia, "Shemeji, mimi samaki siwajui. Ninachojua, lile tangi likifa, huyu atarudi mashineni, na mashine itamuua. Msaidie lisife." Nikajiona nimekabidhiwa kazi ya kitaifa.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa maji. Mkazi yeyote wa mji huu angefikiri nilivyofikiri. Sisi tuko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini tumelala katikati ya maziwa mawili ambayo ng'ombe akiyaonja hurudi nyuma kwa chumvi yake. Ya nini basi kuagiza chumvi maalumu ya mifuko kutoka Dar na kuikoroga kwenye maji ya mvua yaliyochujwa na mashine, wakati Ziwa Singidani liko pale chini, limejaa, bure? Niliteremka ziwani na madumu, nikayajaza mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini, nikayapakia kwenye bajaji na kuyafikisha kwake, mtaa wa Mandewa, kwa fahari. Mtani alichovya kidole, akaonja, akanitazama kwa huruma. "Haya ni magadi, Mgogo. Unataka tufuge samaki au tupike maharage?" Mkewe aliyachukua madumu yale akaenda kuoshea toroli. Baadaye nilikuja kujua kwamba nusu ya mji ilikuwa imeshampa ushauri uleule. Tofauti ni kwamba wenzangu walitoa ushauri wakaenda zao, mimi nikaubeba.

Maji halisi yalipokuwa tayari, alikaa mbele ya tangi tupu kwa majuma, kwa sababu maji ya namna hiyo lazima yapevuke kwanza, yaani yaote vijidudu vya kusafisha uchafu wa samaki. Halafu yakaja matumbawe. Yalikuwa ya aina laini, yasiyo na mawe ndani, mengine kama uyoga, mengine kama mikono ya watoto wengi wanaoomba kitu kimoja, na asubuhi taa zikiwaka yalikuwa yanafunguka taratibu. Baada ya hapo ndipo tulipofika kwenye kuchagua samaki, na hapo ndipo nilipojua kwamba mwenzangu alikuwa na akili ya mzee anayepokea posa. Kila samaki aliyetajwa na muuzaji wa Dar alichunguzwa ukoo wake. Anakula nini? Analala wapi? Anavumilia wa aina yake, au anataka nyumba nzima iwe yake? Akikua atakuwa na ukubwa gani? Alikuwa ananiambia, "Usimpime samaki kwa udogo wa dukani. Hata chewa alianza mdogo, lakini akishakua, wadogo wote watakuwa chakula chake." Bunju, samaki anayejivimbisha, alikataliwa kwa sababu meno yake hayatulii. Kikande alikataliwa kwa sababu ya ugomvi. Waliokubaliwa ni samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kundi la samaki wadogo wapole waitwao vijani, wanaoogelea pamoja, na kangaja mmoja wa kula mwani ili usitambae juu ya matumbawe. Hata kuingia kulikuwa na utaratibu. Wapole waliingia kwanza, wakapata muda wa kujua kona zao, na kangaja mwenye makuu akaingia mwisho ili akute wenyeji. Mimi nilikuwa nachagua kwa macho, na kila niliyempenda alikuwa ama mla wenzake ama mla matumbawe.

Kuna samaki mdogo mmoja wa chini, aliyeongezwa baadaye, ambaye nusura aniletee sifa. Anaishi shimo moja na kamba. Kamba haoni vizuri, lakini ni mchimbaji hodari, anatoa mchanga shimoni siku nzima kama mtu anayefagia duka. Samaki hajui kuchimba, lakini ana macho, basi anakaa mlangoni na kulinda, na kamba anamgusa kwa kipapasio chake ili ajue kama kuna usalama. Nilipouona ushirika ule nilitafuta kalamu. Mwandishi wa safu akiona kitu kama hicho ni sawa na fisi aliyeona mlango wa banda umeachwa wazi. Wiki hiyo niliandika hapa kuhusu kamba na samaki, nikawaunganisha na ndoa, na vyama vya ushirika, na uhusiano wa madiwani na wananchi, na nikamaliza kwa kuitaka jamii nzima ijifunze kutoka shimo lile. Nilidhani nimeandika kitu. Jumamosi nilimkuta mtani amekaa mbele ya tangi na gazeti, anawasomea samaki safu yangu kwa sauti. Aliposoma sentensi ya mwisho aliwatazama, akasubiri, akanigeukia. "Hawajabadilika," alisema. "Mtani, samaki hana somo. Samaki ana njaa. Wewe ukiona kitu kinapumua unataka ukigeuze methali." Nilimjibu kwamba kalamu yangu inaogopwa kuanzia Manyoni hadi Mkalama. Akaniuliza inaogopwa na nani, nami nikakumbuka kwamba barua ya mwisho niliyopokea kutoka kwa msomaji ilikuwa inauliza kama nauza pikipiki yangu.

Ndipo nikaamua kuthibitisha kwamba nami naweza kuchagua samaki. Nilikuwa nimekwenda Dar kwa semina, na siku ya kurudi nikapita kwa muuzaji yuleyule. Pale nilimwona kitatange, wa manjano, bapa kama sahani ya sikukuu, na doa jeusi karibu na mkia kama jicho la pili. Muuzaji alijaribu kuniuliza tangi lina nini ndani, nikamwambia mimi ndiye mshauri wa tangi hilo. Alimfunga kwenye mfuko wenye maji na hewa, akamweka ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, nami nikampakata kwenye treni ya umeme hadi Dodoma na kwenye basi kutoka hapo. Nilikuwa nimemfunika kwa koti langu na kumwimbia, jambo ambalo abiria wa kiti cha jirani aliliona na kuhama. Mtani alifungua boksi, akachungulia. Kisha akasema, "Mgogo, umeleta ng'ombe kwenye shamba la uwele." Samaki yule, alinieleza, hula matumbawe. Anayadonoa kidogokidogo, siku nzima, kwa upole wa mtu anayekula karanga, na mwisho wa mwezi hakuna kitu kilichosimama.

Sasa ilikuwa tabu, kwa sababu kwetu zawadi ya mgeni hairudishwi, na zawadi ya mtani ndiyo kabisa. Kumrudisha samaki ni kunirudisha mimi. Kumwacha ni kulisha tangi lote tumbo moja, na tangi likifa mnajua tayari ni nani angerudi kwenye mashine. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ananiangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mtani alifikiri, kisha akaagiza litolewe tangi dogo alilokuwa akitumia kuwatenga samaki wageni, akaliweka ukumbini karibu na viatu, bila tumbawe hata moja, na humo akamtia kitatange wangu. Akamwita Mtani. Aliishi humo peke yake, akanenepa kwa chakula cha kopo, na kila mgeni aliyeuliza kwa nini samaki mzuri kuliko wote amekaa na kandambili alielezwa habari zangu kwa kirefu. Nilitambulika zaidi Mandewa kwa samaki yule kuliko kwa yote niliyowahi kuandika.

Kazi yangu halisi katika tangi lile ilikuwa moja tu, na niliifanya kwa mkono. Ilikuwa mchana wa kiangazi, siku ya ule upepo wetu unaobeba mchanga hadi kwenye chai. Umeme ulikatika, betri za akiba zikafanya kazi kidogo zikakata tamaa, na pampu zikasimama. Baada ya muda samaki walianza kupanda juu, midomo kwenye uso wa maji, na matumbawe yakajikunja. Mtani aliinuka. Alisema anakwenda mashineni kuchukua jenereta mwenyewe, maana vijana wa kule hawajui iliko. Mkewe akasimama mlangoni, mikono kwenye fremu zote mbili. "Hutoki," alisema. "Wafe wote, wewe hutoki." Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti kabla ya siku hiyo. Nikawaambia wote wawili wakae, nikachukua jagi la jikoni, nikapanda kwenye kigoda, nikaanza kuchota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Nilichota mpaka mkono ukafa ganzi, nikahamia mkono wa pili. Na kwa kuwa siwezi kufanya kazi nikiwa kimya, nilikuwa namsimulia mtani safu niliyokuwa nimeipanga, hoja kwa hoja, na mifano, na maneno ambayo nilidhani yangelitikisa taifa. Umeme ulirudi karibu na Magharibi. Samaki walikuwa hai. Nilipogeuka ili nipate pongezi, mtani alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, na kwa hali aliyokuwa nayo alikuwa amelala tangu utangulizi. Niliudhika sana, na nilimwambia hivyo alipoamka.

Mtaona kwamba katika yote haya sijautaja tena moyo wake. Ndivyo ilivyokuwa. Nilianza kwenda pale kwa sababu ya ugonjwa, kisha kila Jumamosi nikawa naenda kwa sababu ya ubishi wa samaki, na ugonjwa ukanipotea akilini. Wenzangu hawakuupoteza. Mnajua desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa. Ni desturi njema na sitaki kuisema vibaya, lakini tuitazame usoni. Mgonjwa wa huku kwetu hana mlango. Anayekuja anaingia, anakaa, anatikisa kichwa, anauliza umeanzaje, unauma wapi, daktari kasemaje, na mgonjwa anaeleza upya yale aliyomweleza aliyetoka dakika chache zilizopita. Kisha mgeni naye anatoa mchango wake: kuna binamu yake wa Kiomboi alianza hivyohivyo, hakumaliza mwezi. Mwingine anataja dawa ya mizizi. Mwingine anaona ni wakati mzuri wa kuuliza mashine atarithi nani. Wote wamekuja kwa upendo, na wamebeba maembe. Wanapoondoka mgonjwa anageukia ukutani. Mimi nilikuwa nawadharau kidogo wageni hawa, kwa kuwa nilijihesabu mshauri.

Siku ya kuanua tanga nilifanya kazi yangu ya utani. Wazee waliniomba nisipitishe kiasi, kwa sababu ya dini na kwa sababu ya watoto, nami nikatii. Nilikaa tu kwenye kiti cha marehemu, nikaivuta suruali juu kama alivyokuwa akiivuta, nikawageukia waombolezaji na kuwauliza kwa sauti yake, "Nani amefungua zizi?" Kisha nikamsema yule Mgogo anayekuja kila Jumamosi, anayeleta maji ya magadi na ng'ombe wa baharini, na kusomea watu mahubiri mpaka wazimie. Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Nilitaka kuendelea, kwa sababu mtani hulipwa kwa kicheko na mimi sijawahi kushiba, lakini sauti ilinikatika katikati ya sentensi, ikawa yangu, na nikalia mbele ya watu wote kama mtu asiye na watani. Nilimpenda yule mzee. Sikuwa nimewahi kumwambia, na kwa desturi zetu nisingeweza.

Kabla sijaondoka niliambiwa mjane anataka kunisemesha. Alikuwa katika eda, basi nilisimama ukumbini na yeye akazungumza kutoka nyuma ya pazia la chumbani. Nilimpa pole, nikaongeza, kwa unyenyekevu ambao ndani yake ulikuwa unaomba sifa, kwamba najuta ushauri wangu kuhusu samaki haukuwa na manufaa zaidi. Nikasikia kitu kinachofanana na kicheko. "Shemeji," alisema, "hakukuwa na siku hata moja alipofuata ushauri wako." Akaniambia kwamba waliporudi kutoka hospitali walipewa kipimo cha presha, na katika wiki ya kwanza alianza kuona kitu. Karibu kila mgeni akitoka, presha ya mumewe inapanda. Akawa anampima mumewe kila mgeni anapoondoka. Wale waliompandisha sana, wakija tena, waliambiwa amelala. Wengine walikuwa ndugu wa damu. Waliobaki kuruhusiwa kuingia bila kuulizwa walikuwa wachache mno, na mimi nilikuwa mmojawapo.

"Ukitoka wewe ilikuwa inashuka," alisema. "Siku ile ya umeme nilimpima akiwa usingizini. Sijawahi kuiona nzuri vile."

Nilisema lazima ni kwa sababu nilikuwa namtia moyo.

"Hapana, shemeji. Alisema wewe huna madhara. Alisema ukianza kuongea mtu anaweza kupumzika, kwa kuwa huhitaji jibu." Fikirieni mtu aliyeishi kwa kalamu inayouma akisikia neno hilo. Nilikuwa natafuta namna ya kuaga nikiwa na heshima kidogo iliyobaki, ndipo sauti yake ikabadilika. "Kila aliyeingia humu alimuuliza habari za moyo wake. Mchungaji, shehe, watoto wake, hata mimi, kila asubuhi. Wewe peke yako ulimuuliza habari za samaki. Jumamosi alikuwa anaamka mapema, anaoga, anajipanga maneno ya kukujibu. Siku hiyo hakuwa mgonjwa."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilifanya hivyo kwa hekima. Ukweli ni kwamba nilisahau. Nilisahau kwamba mwenzangu anakufa, kwa sababu nilikuwa najishughulisha kumshawishi anunue bunju, na usahaulifu huo ndio kitu cha maana kuliko vyote nilivyomfanyia mtu katika maisha yangu. Marehemu alisema nina ugonjwa wa kugeuza kila kitu kuwa somo, na huenda ananisikia. Anisamehe kwa hili moja: mtu akiugua, ugonjwa humla kidogokidogo, na sisi tunaokuja kumwona tunakaa kitako tukaulisha. Kuna sehemu ya mgonjwa ambayo bado haijaguswa, na hiyo nayo inahitaji mgeni.

Wiki iliyopita nilikwenda Mitundu kumwona mwalimu mmoja mstaafu tuliyesoma naye, ambaye amelazwa nyumbani kwa figo na hainuki kitandani. Nilikuta watu wamejaa, wanatikisa vichwa, na yeye amegeukia ukutani. Nilikaa, na kwa mazoea ya miaka yote mdomo wangu ukawa umeshafunguka kumuuliza figo zinaendeleaje. Niliufunga. Nikakumbuka kwamba huko nyuma alikuwa na mizinga msituni, nikamuuliza mwaka huu nyuki wameonaje maua ya miombo. Waliokuwepo walinitazama kama mtu aliyekosa nyumba ya msiba akaingia harusini. Kisha mwalimu akageuza kichwa, akamwita mkewe, akamwomba aje amwinue akae.